Jiko la Makaa na Hewa Isiyonusika

Mwezi wa saba, baridi inapozidi kule Limuru na Kinangop, wengi wetu huingiza jiko la makaa chumbani, tukafunga dirisha na kulala na watoto. Leo nataka ujue kwa nini jambo hili huua.

Makaa karibu yote ni kaboni. Kila chembe ya kaboni, yaani atomu, ina elektroni 4 upande wa nje. Atomu ya oksijeni ina 6. Kila moja hutulia ikifikisha 8, kwa hivyo huungana na kutumia elektroni kwa pamoja, kama akina mama wanavyochanga katika chama.

Hewa ikiwa ya kutosha, kaboni moja hushikana na oksijeni mbili. Kaboni huchanga elektroni zake zote 4, haibaki na kitu. Hiyo ni kaboni dayoksaidi, ambayo hata sisi huitoa tukipumua.

Chumba kikifungwa, oksijeni hupungua. Kaboni nyingi hupata oksijeni moja tu, ikawa kaboni monoksaidi. Hapa pia kila atomu hufikisha 8, ndiyo maana hewa hii haivunjiki yenyewe bali hukaa chumbani. Lakini kaboni imebakiwa na elektroni 2 ambazo haikuchanga. Ukiivuta, hizo 2 hushika madini ya chuma yaliyo kwenye damu, mahali pale pale pa kubebea oksijeni, na hushika kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Mwili hukosa hewa ingawa unapumua.

Hewa hii haina harufu wala rangi. Makaa mekundu yasiyotoa moshi huitoa pia, na sufuria ya maji juu ya jiko haiizuii. Mama mjamzito, humfikia hata mtoto aliye tumboni.

Watu wa nyumba moja wakiumwa kichwa, wakisikia kizunguzungu na kutapika kwa wakati mmoja, usidhani ni malaria tu. Fungua mlango, watoe wote nje, kisha wapeleke hospitali haraka wapewe oksijeni.

Mama, jiko lilale nje. Watoto wafunike blanketi. Hadi kipindi kijacho, kwaheri.