Dinari Moja kwa Siku

 

Mama mmoja wa hapa Bomeni alinijia akilia. Binti yake ameitwa Voi kwa mahojiano ya kazi ya karani wa duka, naye amekataa kwenda. "Mchungaji, mtoto huyu ana kiburi. Kazi zenyewe ziko wapi siku hizi?"

Nikamwita binti, nikaanza kumkemea kabla sijamwuliza neno. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, kisha akatoa karatasi. Mshahara uliotangazwa ni shilingi 9,000 kwa mwezi. Chini yake ameandika: chumba 3,500, chakula 5,000, maji, taa na sabuni 1,000. Hapa Taveta hulala na kula kwao, na siku za soko, Jumatano na Jumamosi, humsaidia mamaye kuuza ndizi. Niliona haya.

Hebu tufungue Mathayo 20. Yule mwenye shamba la mizabibu alitoka alfajiri, akapatana na vibarua dinari moja kwa siku, ndipo akawapeleka kazini. Mapatano yalitangulia kazi. Nayo dinari ilikuwa ujira wa kawaida wa kutwa. Wale wa saa tatu hawakutajiwa kiasi, ila waliahidiwa iliyo haki. Tena Torati, Kumbukumbu 24, yaagiza maskini alipwe kabla jua halijachwa, kwa maana roho yake iko katika ujira ule.

Serikali nayo ina kipimo chake. Kile kilichoanza tarehe 1 Novemba 2024 kilimwekea kibarua wa shamba asiye na ujuzi shilingi 7,997 kwa mwezi, bila posho ya nyumba. Na karani huwekewa zaidi ya huyo. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri atoe nyumba, au fedha ya kodi juu ya mshahara.

Basi sikuona kiburi kwa binti yule. Kosa lake nililiona kwingine: alikuwa amenyamaza tu, na nafasi yake mezani imeshikwa bure huku mwingine angeiomba. Nikamwambia, "Mwanangu, wapigie simu. Washukuru. Uliza kama nyumba imo, na kama mshahara wazungumzika. Ikiwa sivyo, waage kwa heshima."

Lakini baba mwenye watoto wenye njaa huenda akaipokea 9,000 hiyo hiyo, na asichekwe na mtu. Yakobo, katika sura ya 5, hamkemei mvunaji. Amkemea tajiri aliyeuzuia ujira wake. Nasi wazee wa kanisa tunaoajiri wasichana wa nyumbani tuisome sura hiyo polepole.

Binti alipiga simu jioni ile. Aliambiwa nyumba haimo, na kiasi hakibadiliki. Akashukuru, akaaga. Jumatano iliyofuata niliwakuta wote wawili sokoni. Mama alinihesabia ndizi zangu bila kunitazama usoni.