Programu Inayojengeka Hata Mkongo Ukikatika

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, ilikatika kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika sana. Wengi wetu tuliona picha za WhatsApp zikigoma kufunguka. Fundi wa programu, siku kama hiyo, hukutana na tatizo jingine lisilosemwa sana: msimbo alioandika mwenyewe anao wote kwenye kompyuta, umeme upo, na bado programu yake haijengeki.

Sababu ni kwamba karibu hakuna programu ya leo inayoandikwa na fundi mmoja mwanzo hadi mwisho. Chukua mfumo mdogo wa stoo ya dawa katika zahanati. Fundi ameandika sehemu inayohusu dawa zenyewe, idadi yake na tarehe za kuisha muda. Kuwasiliana na hifadhidata, kutoa ripoti ya PDF, kulinda nywila: hayo ameyachukua katika maktaba zilizoandikwa na wengine, na kila maktaba nayo inadai maktaba zake. Kumi alizozitaja yeye zinaweza kuzaa mia. Anapotoa amri ya kujenga, yaani kugeuza msimbo uwe programu inayofanya kazi, kompyuta inakwenda kuzichukua kwenye maghala ya mtandaoni: Maven Central kwa Java, npm kwa JavaScript, PyPI kwa Python.

Sisi wa Malangali, na Sumbawanga kwa jumla, tunalielewa jambo hili upesi. Kwa miaka mingi umeme wa mkoa wetu umenunuliwa Zambia, na ndiyo sababu njia ya kilovolti 400 kutoka Iringa kupitia Mbeya na Tunduma hadi hapa imesubiriwa kwa hamu. Taa inawaka vizuri tu, lakini swichi iko kwa jirani.

Na mkongo kukatika ndio ubaya mdogo, kwa kuwa hatimaye huungwa. Ghala lenyewe linaweza kufungwa. Februari 2021 kampuni ya JFrog ilitangaza kwamba inafunga JCenter, ghala ambalo watengenezaji wengi wa programu za Android walilitegemea, na miradi mingi ikalazimika kuhamisha anwani zake. Hata ghala likibaki, mwenye maktaba anaweza kuiondoa. Tarehe 22 Machi 2016, fundi mmoja aliyegombana na npm kuhusu jina la mradi wake aliondoa kazi zake zote ghalani. Mojawapo iliitwa left-pad: mistari 11 tu ya msimbo, kazi yake kuongeza nafasi au sifuri kushoto mwa maandishi ili yafikie urefu unaotakiwa. Miradi mikubwa duniani, Babel ikiwamo, ikashindwa kujengeka. Baada ya saa mbili hivi left-pad ilirudishwa, na npm ikabadili kanuni zake za kuondoa kazi. Watu walioathirika wengi wao hawakuwa wamewahi kusikia jina la left-pad, maana waliletewa na maktaba ya maktaba yao.

Afrika Mashariki tuna mfano mzuri wa kujifunzia, nao ni OpenMRS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa ulioanza kutumika Eldoret, Kenya, mwaka 2006. Moduli zake hufungwa katika faili la omod, na ndani yake zimo pia maktaba ambazo moduli inazihitaji. Unabeba faili kwenye flashi, unaliweka kwenye seva ya hospitali, linafanya kazi bila intaneti. Huo ni ufungaji. Lakini anayetaka kurekebisha msimbo wa moduli hiyo na kuijenga upya atatumia Maven, chombo cha kujengea programu za Java, nayo itaomba mtandao. Hapo ndipo wengi hujidanganya: mfumo unafanya kazi bila mtandao, basi wanadhani wanaweza pia kuutengeneza bila mtandao.

Jaribio la kujua kama unaweza kujenga bila mtandao ni jepesi. Maven huweka nakala za ilichopakua katika folda iitwayo .m2. Ihamishe folda hiyo pembeni, zima Wi-Fi, kisha andika mvn -o package. Kama hujajiandaa, utaambiwa kwamba ghala kuu halifikiki na kwamba kitu fulani hakijawahi kupakuliwa. Mara nyingi kitu hicho si hata maktaba uliyoichagua, bali kipande cha chombo cha kujengea. Wanaotumia Gradle, chombo kingine cha kujengea, wakumbuke kwamba mara nyingi Gradle yenyewe hupakuliwa mara ya kwanza mradi unapojengwa.

Dawa ni kuweka kila kinachohitajika pamoja na msimbo. Katika lugha ya Go, amri ya go mod vendor huleta maktaba zote ndani ya folda ya mradi. Kwa Python, pip download hukusanya vifurushi ambavyo baadaye utavisakinisha kwa kuizuia pip isiende mtandaoni. Ofisi yenye mafundi kadhaa iweke seva yake ya ghala, kama Nexus au Verdaccio: kifurushi kinapakuliwa mara moja, wote wanakitumia, na bando linapona. Matoleo yaandikwe kamili pamoja na alama zake za uhakiki, ili kisije kikaingia kitu chenye jina lilelile na matumbo mengine. Watengenezaji wa Debian, mfumo endeshi wa Linux, wameishi hivi kwa miaka mingi. Sera yao inakataza kifurushi kugusa mtandao wakati kinajengwa.

Kuna gharama, na siifichi. Desemba 2021 ulipofichuka udhaifu wa kiusalama katika maktaba ya Java iitwayo Log4j, kila aliyekuwa na nakala ya zamani alibaki na mlango wazi hadi alipoibadilisha kwa mkono. Mwenye ghala lake anabeba pia kazi ya kulikagua: ajue ana toleo gani la kila kitu, na apange siku za kusasisha. Naona kazi hiyo inastahili kabisa kufanywa.

Kwa halmashauri, hospitali na shule zinazoagiza mifumo, ombi langu ni moja. Mkataba udai msimbo pamoja na maktaba zake zote na vyombo vya kujengea, na mfumo ujengwe upya mbele ya ofisa wa TEHAMA, kwenye kompyuta ngeni iliyochomolewa mtandao, kabla ya malipo ya mwisho kutoka.