Tairi lenye upepo mdogo humchosha mtoto kabla ya kipindi cha kwanza

Mwanafunzi wa Lyamkena, Makambako, anayekwenda shule kwa baiskeli anaweza kufika amelowa jasho hata asubuhi ya baridi ya Julai. Akichelewa, nyumbani ataitwa mvivu. Kabla ya kumkaripia, mzazi abonyeze kwanza tairi la nyuma.

Tairi likikanyaga ardhi hubonyea, kisha hurudi umbo lake. Kila linapobonyea, raba hugeuza sehemu ya nguvu ya miguu kuwa joto. Upepo ukiwa mdogo hubonyea zaidi, na mtoto hukanyaga pedeli kwa nguvu zaidi katika njia ileile. Akimpakia mdogo wake kwenye keria ndiyo kabisa: uzito mwingi huangukia gurudumu la nyuma, na hilo ndilo linalotaka upepo zaidi.

Tyubu hupoteza upepo polepole hata bila pancha, kwa hiyo kuikagua kila Jumapili jioni si kazi ya bure. Kiwango huandikwa ubavuni mwa tairi, mara nyingi mbele ya herufi PSI, na fundi mwenye pampu ya geji atakipima. Kisizidishwe. Tairi gumu hukimbia vizuri kwenye lami, lakini kwenye njia ya udongo yenye mawe na mashimo hurukaruka, na kila mruko hupunguza mwendo. Huko afadhali upepo upungue kidogo, mradi usishuke mno.

Wapo wanaonunua tairi nene lenye meno makubwa wakiamini ndilo bora. Kwenye tope la msimu wa mvua, sawa; kwenye lami raba hiyo nene hula nguvu bure. Tairi kipara, ajabu yake, huwa jepesi, na mtoto hatalilalamikia. Lakini hutoboka haraka na huteleza kwenye tope. Libadilishwe hata kama analisifia.

Tairi la upepo lenyewe lilipata umaarufu kwa sababu ya mtoto. John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo Mskoti aliyeishi Belfast, alilitengeneza kwa ajili ya baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe, akalisajili mwaka 1888.

Kama upepo uko sawa na mtoto bado anachoka, nyanyua gurudumu ulizungushe kwa mkono. Likisimama mapema, breki inagusa rimu au beringi zimekauka grisi. Hiyo ni kazi ya fundi.