Rangi za maji: Haraka huua picha ya uso

WENGI wanaojaribu kuchora sura ya mtu kwa rangi za maji hukata tamaa pale uso uliokuwa ukipendeza unapogeuka tope. Mara nyingi kosa si la rangi wala la mkono, bali ni la haraka.

Tofauti na rangi za mafuta zilizopakwa nene, rangi za maji hupitisha mwanga. Mwanga hupenya rangi, hugonga karatasi nyeupe na kurudi machoni mwa mtazamaji. Karatasi ndiyo taa ya picha. Ikifunikwa kwa rangi nzito, uso hufifia.

Kwa sababu hiyo, rangi kali hujengwa kwa tabaka. Mchoraji huanza na rangi nyepesi, akiacha wazi sehemu zinazong'aa, kama vile ncha ya pua na nukta ya mwanga jichoni. Tabaka hilo hukauka kabisa ndipo la pili lifuate. Nyekundu ikipita juu ya njano iliyokauka, shavu hupata joto la rangi ya chungwa. Brashi ikiwahi, hukoroga tabaka la chini na zote huchafuka.

Aidha, rangi hizi hupauka zinapokauka, hivyo huwekwa kali kidogo kuliko zinavyotakiwa kuonekana mwishoni.

Somo hilo huonekana zaidi katika ngozi nyeusi. Anayezimua rangi nyeusi kwa maji hupata kijivu kisicho na uhai. Ngozi hiyo hudai kahawia yenye wekundu, kisha bluu na zambarau kivulini, tabaka juu ya tabaka.

Mchoraji Mjerumani Emil Nolde (1867-1956) alikwenda mbali zaidi. Alilowesha karatasi ya Kijapani inayofyonza maji, akaziacha rangi zitambae na kukutana, kisha nyuso zikajitokeza humo. Kwake, uso wa bluu au wa kijani haukuwa kosa. Ulieleza hisia kuliko ngozi.

Hata hivyo, picha iliyokamilika bado ina adui. Mwaka 1888, ripoti ya wanasayansi Russell na Abney nchini Uingereza ilionyesha kuwa mwanga hupausha baadhi ya rangi za maji. Anayetaka sura ya mzazi wake idumu hana budi kuchagua rangi zilizothibitishwa kuhimili mwanga, na kuitundika mbali na jua.