Neno kama Ramani: Kina cha Mchezo na Hamu ya Kuurudia katika Morrowind



Miaka kadhaa iliyopita mwanafunzi mmoja wa shahada ya uzamili aliniletea pendekezo la utafiti kuhusu mchezo wa kompyuta. Nililirudisha siku iyo hiyo, kwa maelezo ya mstari mmoja kwamba sisi hatushughuliki na michezo ya watoto. Mhadhara huu ni jibu nililopaswa kumpa wakati ule. Limechelewa kwa sababu ilinibidi kwanza niucheze mchezo wenyewe, tena mara tatu, jambo ambalo nyumbani kwangu halikupokelewa kwa furaha.

Swali lake lilikuwa hili: kwa nini mtu aurudie mchezo ambao mwisho wake anaujua? Sisi wa fasihi simulizi tuna jibu letu la siku nyingi. Hadhira ya ngano huujua mwisho, lakini hurudi kwa sababu fanani hasimulii mara mbili kwa namna moja. Jibu hilo halitufikishi mbali hapa. Katika mchezo wa aina hii mchezaji ndiye fanani na ndiye hadhira, na programu inayouendesha ni ileile aliyoiacha jana. Basi kinachobadilika ni nini?

Michezo ninayoizungumzia ni ile ya kuvaa uhusika katika ulimwengu wazi wa kubuni. Mchezaji huunda mhusika wake, humchagulia asili na stadi, kisha huachwa atembee atakako. Kisa kikuu kipo, lakini anaweza kukipa kisogo kwa muda autakao. Mfano wangu ni The Elder Scrolls III: Morrowind, uliotolewa mwaka 2002 na kampuni ya Bethesda ya Marekani.

Wengi hudhani kwamba kina cha mchezo ni ukubwa wake. Mchezo wa pili katika mfululizo huo, Daggerfall wa mwaka 1996, unatosha kuliondoa dhana hilo. Nchi yake ilinadiwa kuwa na eneo linalokaribia lile la kisiwa cha Uingereza, ikiwa na maelfu ya miji na vijiji. Sehemu kubwa ya hayo ilizalishwa na kompyuta kwa kanuni, na mgeni akishaona vijiji kumi huwa ameviona vyote. Morrowind ulirudi nyuma kwa makusudi: kisiwa kimoja, Vvardenfell, ambacho watengenezaji walikipanga kwa mikono yao, pango kwa pango.

Kina cha kisiwa hicho kinatokana kwanza na milango inayofungwa. Zipo Nyumba Kuu tatu ambazo mgeni anaweza kujiunga nazo: Redoran ya wapiganaji, Hlaalu ya wafanyabiashara na Telvanni ya wachawi. Ukiingia moja, zile mbili umezikosa kwa maisha yote ya mhusika huyo. Wala hupandi cheo kwa kutimiza majukumu tu, bali ni lazima stadi zako zifikie kiwango kinachotakiwa. Mara ya kwanza nilikuwa askari wa Redoran. Nilipofika katika minara ya Telvanni nilikuta ndani yake hamna ngazi za kupandia. Wenyeji huelea hewani kwa uchawi, na asiye na uchawi huo au dawa yake hubaki chini akitazama juu. Hakuna aliyenifukuza, lakini jengo lenyewe lilinieleza mimi ni nani. Nilipoanza upya nikiwa mchawi, mnara uleule ulikuwa nyumba yangu. Programu haikuwa imebadilika hata kidogo, ila swali nililouendea mnara lilikuwa jingine.

Mchezo huu unaruhusu hata kosa kubwa zaidi. Ukimuua mtu ambaye kisa kikuu kinamtegemea, hutokea ujumbe kwamba uzi wa utabiri umekatika. Unaweza kurudi pale ulipohifadhi mchezo, au kuendelea kuishi katika dunia uliyoiharibu. Wapo wanaoendelea.

Jambo la pili ndilo linalotuhusu sisi wa lugha, na hapo nitakaa zaidi. Katika Morrowind hakuna mshale unaoelekea unakokwenda. Ukitumwa, unaelekezwa kwa maneno. Mapema katika kisa kikuu mgeni hutumwa kwenye magofu ya Arkngthand: atoke mjini Balmora kwa upande wa kusini, avuke mto Odai, aipite ngome ya Moonmoth, alitafute daraja la kale juu ya korongo, kisha azungushe mtambo ulio kwenye bomba ili mlango ufunguke. Maelezo hayo ndiyo ramani yake. Asiyesoma vizuri hupotea, na katika kupotea hugundua kaburi au pango ambalo hakuna aliyemtuma. Anayerudi mara ya pili huyasoma maneno yaleyale kwa jicho la mwenyeji. Baadhi ya maelekezo hayo yana makosa, na nakiri nimewahi kuzunguka mlima mmoja jioni nzima kwa sababu ya neno moja la upande. Hata hivyo, nilijua mlima ule baada ya hapo.

Sitaki kuupamba mchezo huu. Mapigano yake huamuliwa kwa bahati iliyofichwa, hata upanga unaonekana ukimpita adui tumboni na bado umekosa; shajara yake ya mwanzo ilirundika habari zote kwa tarehe tu. Lakini tazama kilichofuata. Mwaka 2006 ulitoka Oblivion, ambamo kila mazungumzo yalirekodiwa kwa sauti za waigizaji, na dira ikawekwa alama ya kumwonyesha mchezaji aendako. Naona mambo hayo mawili yanahusiana: neno lililoandikwa ni rahisi kuongezwa, ilhali neno la sauti lina gharama. Maneno yalipopungua, mshale ulichukua kazi yake. Maadui nao walifanywa kukua kadiri mchezaji anavyokua, hata mnyang'anyi wa njiani akajikuta amevaa deraya za thamani kubwa. Kila mahali pakawa sawa na pengine. Skyrim wa mwaka 2011 ulirekebisha sehemu ya kasoro hiyo na una uzuri wake mwingi, lakini mhusika mmoja huweza kuwa mkuu wa chuo cha wachawi kwa kujua machache sana ya uchawi. Milango mingi iko wazi kwake tangu mwanzo, na sababu ya kuanza upya inapungua.

Nirudi kwa mwanafunzi wangu. Ndani ya pendekezo lile mlikuwa na ukurasa ambao sikuusoma. Alitaka kufasiri maelekezo ya njia ya Morrowind kwa Kiswahili, lugha ambayo watengenezaji hawakuutoa mchezo huo. Toleo la kompyuta liliuzwa pamoja na zana ya kuuhariri, hivyo kazi hiyo yawezekana kufanywa na mtu binafsi. Ugumu wake ni wa kiisimu. Kiingereza humruhusu mwelekezaji aseme kwamba kaburi ni la huko, bila zaidi. Kiswahili humbana: kaburi lipo, liko, au limo? Akisema lipo, anadai kupajua mahali penyewe. Akisema liko, anataja upande tu. Akisema limo, ameshatuingiza bondeni au pangoni. Katika mazungumzo ya kila siku tunazichanganya ngeli hizi bila madhara makubwa, lakini msafiri ambaye ramani yake ni sentensi hana anasa hiyo. Mfasiri atalazimika kuamua, kwa kila mwelekezaji wa kisiwa kile, kama anajua anachokisema au anakisia. Hilo ni jambo ambalo matini asilia haikulieleza, na lingempa mchezaji wa Kiswahili kina ambacho mchezaji wa Kiingereza hanacho.

Nimemwandikia. Amenijibu kwa adabu kuliko nilivyostahili, na ameambatisha kurasa kumi za mwanzo. Tunabishana sasa juu ya neno foyada, ambalo wenyeji wa Vvardenfell hulitumia kwa makorongo yaliyochimbwa na moto wa volkano. Mimi napendelea korongo la majivu. Yeye anataka neno libaki kama lilivyo, kwa hoja kwamba mgeni aliyeshuka melini jana hana budi kuuliza maana yake kwa mtu wa pale.