Somo la Redio: Bei ya Mafuta na Mtu Asiye na Motokaa

Kila mtu na ashike kalamu na daftari, maana leo tutazungumza juu ya bei ya mafuta, na mwisho tutafanya hesabu.

Huenda mmoja wenu akasema, "Mimi sina motokaa wala pikipiki. Bei ya dizeli yanihusu nini?" Swali hilo ni jema, na ndilo somo letu.

Fikirini unga mlioupika jana. Mahindi yake yalisafirishwa kwa lori, na lori hutumia dizeli. Kisha yakapelekwa mashineni kusagwa, na mashine nyingi za vijijini nazo hutumia dizeli. Basi mtu asiye na motokaa hununua mafuta kila siku, ila huyanunua ndani ya unga, ndani ya sukari na ndani ya nauli ya basi.

Mafuta ya magari tunayotumia Afrika Mashariki huja kwa meli kutoka ng'ambo. Kwa hiyo hata vita vya mbali hutufikia. Februari 2022 Urusi iliivamia Ukraine. Mwezi uliofuata, bei ya pipa moja la mafuta ghafi, yaani lita 159, ilipita dola 120. Nchini Tanzania serikali ilitoa shilingi bilioni 100 mwezi wa Juni mwaka huo ili kupunguza bei vituoni.

Nchi nyingine zilipatwa kwa namna nyingine. Sri Lanka ilikuwa imeishiwa dola za kununulia mafuta. Watu walikaa foleni vituoni siku nzima, wengine siku kadhaa. Gesi ya kupikia ikawa haba, na wengi wakarudia kuni. Mwishoni mwa Juni 2022 serikali iliamuru mafuta yauzwe kwa kazi za lazima tu, na shule za mijini zikafungwa. Julai rais akaikimbia nchi.

Nigeria ina visima vya mafuta, lakini petroli yake nyingi ilikuwa ikinunuliwa ng'ambo, na serikali ikilipa sehemu ya bei. Mei 2023 Rais Bola Tinubu alitangaza kwamba malipo hayo yamekwisha. Kwa siku chache tu bei ya lita ilipanda kutoka chini ya naira 200 hadi karibu naira 500. Nauli zikapanda. Kinyozi na fundi cherehani wanaotumia jenereta kwa sababu umeme hukatika, nao wakaumia.

Sasa tufanye hesabu. Tuseme lori limebeba magunia 100 ya mahindi, kila gunia kilo 100. Safari yake hutumia lita 200 za dizeli, na dizeli imepanda shilingi 500 kwa lita. Zidisheni 200 kwa 500. Mtapata shilingi 100,000. Hiyo ndiyo nyongeza ya safari nzima. Igawanyeni kwa magunia 100: ni shilingi 1,000 kwa gunia. Gawanyeni tena kwa kilo 100: ni shilingi 10 kwa kilo.

Ikiwa muuza unga ameongeza shilingi 200 kwa kilo, naye asema sababu ni safari ya lori, mnaweza kumwuliza kwa adabu, "Ndugu, hizi nyingine zatoka wapi?" Pengine anayo sababu ya kweli: mvua ilikuwa haba, mbolea imepanda, au mashine ya kusaga imeongeza bei. Pengine hana. Asiyejua hesabu hulipa na kunyamaza. Ajuaye huuliza kwanza.

Nanyi wakulima, fanyeni hesabu hiyo hiyo mnunuzi anapowapunguzia bei ya gunia kwa kisingizio cha dizeli.

Kazi ya nyumbani ni hii. Andikeni majina ya vitu vitatu mlivyonunua wiki hii. Mbele ya kila kimoja andikeni mahali ambapo mafuta yalitumika kabla hakijawafikia. Someni majibu yenu mbele ya darasa. Kwaherini.