Mimba Zilizofichwa na Bahari

Hapa Waberi, mjini Garissa, mfugaji hahitaji daktari wa kumwambia kwamba ngamia wake jike ameshika mimba. Dume akimkaribia, jike huinua mkia na kuukaza, na mwenye mali hujua la kutarajia baada ya miezi kumi na mitatu. Wakati huo, damuni mwake projesteroni imepanda, homoni ile ile inayotunza mimba ya mwanamke.

Ndugu zetu wa Watamu huwaona nyangumi wenye nundu wakija kuanzia Julai kutoka bahari za barafu za kusini, ili wazae katika maji yetu ya joto. Mkia wao huonekana vizuri, lakini hausemi lolote kuhusu mimba. Zamani wawindaji walijua nyangumi ana mimba baada tu ya kumwua na kumpasua. Siku hizi wataalamu huchukua kipande kidogo cha mafuta ya ngozi, au kinyesi, wakapima homoni, naye mnyama akaenda zake.

Kazi iliyotugusa zaidi imefanywa mbali, katika pwani ya Marekani na Kanada, kwa kundi la nyangumi wauaji (kwa nasaba ni jamii ya pomboo) ambao hawafiki themanini. Kinyesi chao huelea kwa muda mfupi tu. Kwa hiyo mashuani huwekwa mbwa aliyefunzwa kunusa. Mmoja wao, Tucker, hakupenda hata kulowa maji, ila nahodha alifuata kule alikoelekeza pua.

Mwaka 2017 Samuel Wasser wa Chuo Kikuu cha Washington na wenzake walitangaza matokeo ya sampuli za 2008 hadi 2014. Kati ya kila mimba 100 zilizogunduliwa, hadi 69 hazikuleta mtoto aliyeishi. Baadhi ziliharibika zikiwa zimekomaa, au mtoto alikufa mara tu baada ya kuzaliwa. Aliyehesabu watoto pekee angedhani majike hao ni tasa. Kumbe walikuwa wakibeba na kupoteza, tena na tena, pasi na mtu kujua. Homoni za tezi ya shingo na za dhiki, zilizopimwa katika kinyesi hicho hicho, zilieleza sababu: njaa. Samaki wakubwa aina ya salmoni, ambao ndio chakula chao, wamepungua.

Mwaka uliofuata, jike mmoja wa kundi hilo alizaa mtoto aliyekufa muda mfupi baadaye, akambeba juu ya maji kwa siku 17. Dunia nzima ilimtazama. Sisi tuliopitia ukame wa 2020 hadi 2023, tukaona ngamia na mbuzi wakitupa mimba malishoni, hatukuhitaji kufafanuliwa.

Tangu Januari 2025, sheria ya jimbo la Washington inazitaka mashua zikae takriban mita 900 mbali nao, ili wawinde kwa utulivu. Kuwarudisha samaki ni kazi ngumu zaidi, na bado haijakamilika.